Injinia wa Magogoni Hataki Kikombe

Sikia mwanangu. Decemba hii hapa. Wasee wa Nairobi washaanza kushuka na SGR pale Miritini, kaptura mpya, miwani nyeusi, wanauliza bahari iko side gani. Dafu limepanda bei. Tuktuk imepanda bei. Joto nalo limepanda, na hilo halina hata konda wa kubishana naye. Na wewe uko hapo kwa mama wa viazi karai, ukwaju unakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, unaniuliza: "Bro, yule beshte yetu wa kompyuta nimbuyie nini?"

Umeuliza kitu cha maana, mara ya kwanza mwaka huu.

Kila mtaa uko na huyo msee. Kwetu Magogoni, Mombasa, anaitwa Injinia. Uinjinia hajausomea popote. Jina alipewa siku alipoitengeneza dikoda ya jirani: aliizima, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha. Basi. Tangu hapo wazee wameamua kwamba chochote chenye waya ni cha Injinia. Simu ya bibi imejaa picha za maua za "Good Morning"? Injinia. Redio ya barazani inakoroma? Injinia. Ami amesahau PIN ya M-Pesa? "Muiteni yule kijana wa kompyuta." Pasi ya mkaa ndiyo pekee hajaletewa, na mwaka haujaisha.

Malipo yake? "Mungu akuzidishie" na chai ya rangi. Ukiona tangawizi ndani, jua kazi ilikuwa kubwa.

Kwa hivyo huyu msee mtaa mzima una deni lake. Noma ni kwamba watu wakienda kulilipa wanajibuyia wao wenyewe. Wanatafuta kitu kinachong'aa, cha kupigwa picha kikapostiwa. Kikishapostiwa kinapanda juu ya kabati, kinakaa huko na zile sufuria za harusi ambazo hazijawahi kuona moto.

Mimi nishakosea hivyo, tena vibaya, na jina nililopewa bado ninalo. Nitakuhadithia. Kwanza tumalize vya aibu.

Kikombe. Kile cheupe kimeandikwa "Best Programmer". Usijaribu. Juzi nilihesabu kwa Injinia: viko vinne. Kimoja kina skrubu. Kimoja kina miswaki. Kimoja mathe wake amepanda mrehani, na umeshika kweli, unanukia. Cha nne kimewekwa chini ya mguu wa meza upande ule sakafu imebonyea. Chai yenyewe anakunywa kwa kile cha plastiki cha kijani alichokuwa nacho tangu praimari. Tisheti yenye kichekesho cha code ni ndugu ya kikombe. Ukiivaa mjini watu watatu wanakusimamisha uwatengenezee simu.

Halafu mataa. Siku hizi kila kitu cha gemu kinawaka. Kibodi inawaka, mausi inawaka, feni inawaka, hata ile pedi ya kuwekea mausi inawaka rangi saba. Matatu ya Kisauni ikiwaka hivyo naielewa, inavuta abiria. Chumbani kwa Injinia mataa yanavuta mbu. Na uangalie neno "gaming" kwenye boksi. Hilo neno peke yake limeongeza thao mbili, na halifanyi kazi yoyote ndani ya mashine.

Na kile kiti sasa. Unakijua: ngozi feki, mabega mapana kama siti ya gari la Safari Rally. Mjini wanakuitisha thao kumi na tano, thao ishirini, na muuzaji hata hanyanyui macho kwa simu. Mwanangu, hiki ni kipindi cha kaskazi. Kuanzia Decemba mpaka Machi hapa hakulaliki, utakalia ngozi feki vipi? Ukiinuka mgongo unabaki. Baada ya mwaka kinaanza kubambuka, vipande vyeusi vidogo vidogo kila pembe, mathe anafagia kila asubuhi akilaani panya. Kiti cha plastiki cha Kenpoly, kipande cha godoro juu yake, feni nyuma ya shingo: hapo mtu anapiga code mpaka adhana ya alfajiri.

Kama wewe ni mdosi na unataka kuonyesha, kuna kadi ya picha ya Nvidia inaitwa RTX 5090. Ilitoka Januari 2025, bei ya kuanzia dola 1,999. Piga hesabu ya kwetu: ni kama laki mbili na nusu, kabla haijapanda meli, kabla ya ushuru, kabla ya VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo doo unanunua boda mpya, na boda inarudisha pesa. Halafu hiyo kadi peke yake inaweza kula wati 575. Kejani kwa Injinia stima ni ya tokeni. Gemu haijafunguka, mita ishaanza kulia.

Umeona? Yote hayo ni ya show. Sasa weka kiazi chini unisikilize.

Mashine za huku hazifi kwa uzee. Zinauliwa, na wauaji tunawajua: joto, chumvi, stima, na kitambaa.

Usicheke. Kitambaa unakijua. Cheupe, cha kufumwa kwa kroshia, ua kubwa katikati. Mathe kashavalisha sofa. Kashavalisha TV, friji, redio, na ule mtungi wa maji. Siku Injinia alipoleta kejani kompyuta ya mezani, ile ya sanduku, alitoka kwenda dukani akarudi akaikuta imevalishwa kama bi harusi. Matundu yote ya hewa yamefungwa. Ndani feni inalia kama ndege inayopaa Moi International. Mathe akatoa uamuzi: "Hii kompyuta yako mbovu, inapiga kelele." Injinia akatoa kitambaa. Mathe akakirudisha. Injinia akatoa. Mathe akakifua, akakipiga wanga, akakirudisha kikiwa kigumu zaidi. Hiyo vita iko mwaka wa tatu na mathe anaongoza.

Jambo lenyewe ni hili. Prosesa nyingi zikikaribia digrii 100 zinajipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Kwa hivyo Injinia akilalamika mashine imekuwa slow, saa zingine haina ugonjwa, inahema tu. Kati ya prosesa na lile chuma la kupooza joto kuna dawa ya kijivu inapakwa, wasee wanaiita pesti. Ikikaa miaka inakauka kama ugali wa jana, joto linakosa pa kupitia. Kasindano ka pesti nzuri ni soo kadhaa tu. Soo kadhaa! Hiyo ni pungufu ya ile tisheti. Ongeza brashi laini, ile pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na seti ya bisibisi ndogo zenye vichwa vya kila aina. Nilimuona Injinia akifungua seti ya bisibisi siku moja. Alinyamaza. Akazipanga kwa saizi. Akazichanganya, akazipanga tena. Mtoto aliyepewa mkono wa Idd akaachiliwa Makadara hana furaha ile.

Chumvi watu wanaisahau, na ndiyo mchawi wa polepole. Hewa yetu inakula chuma. Bati linajua, geti linajua, baiskeli ya ami inajua mpaka haina tena breki. Kwenye kompyuta inaingia pale kwenye matundu ya USB na meno ya RAM, siku moja unaona kijani kibichi, siku ya pili mashine haiwaki. Hapo unataka chupa ya ile spiriti safi ya kusafishia saketi, asilimia 99, inayokauka mara moja. Sio ile ya kunawia mikono uliyobaki nayo tangu korona, ile ina maji na marashi. Na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, vimeandikwa usile? Usivitupe mwanangu. Hivyo vinakunywa unyevu. Kusanya kumi, mpe Injinia atupie kwenye begi la lapi. Hiyo zawadi haina bei, na bado utaonekana msee wa kufikiria.

Babu, kwa upande wake, ana tiba zake. Mwaka 2020 aliuliza kama virusi vya kompyuta ndio vile vile vya kwenye habari, akashauri tuifukize mashine kwa mwarobaini. Alikuwa serious. Alikuja na majani.

Stima sasa. Hapa sitaki kukumbusha machungu, lakini 2023 nchi nzima ilizimika mara tatu ndani ya miezi minne: 25 Agosti, 11 Novemba, 10 Decemba. Nairobi walilia mitandaoni kama wamefiwa. Huku tuliangaliana tukasema karibuni. Kupotea kwa stima sisi tumezoea. Kinachoua mashine ni inavyorudi. Inarudi kwa hasira. Taa inang'aa kupita kiasi, feni ya dari inazunguka kama imeitwa, na saplai ya umeme ya kompyuta inanuka.

Zawadi hapo ni UPS. Lile boksi zito lenye betri ndani, stima ikikatika linakupa dakika chache za kuokoa kazi na kuzima kwa adabu. Ya 650VA inatosha kompyuta ya kawaida. Bei inaingia kwenye thao kadhaa, na najua umeanza kuangalia viatu vyako. Tulia. Wasee watano mnachanga, kila mmoja thao moja na jiroo, mnaingia mjini na elfu saba na mia tano. Watano! Ndio wale wale watano ambao mwaka jana walileta vikombe vinne na tisheti.

Na siri ya ndani: betri ya UPS inachoka baada ya miaka miwili mitatu, na joto la huku linaiharakisha. Kama Injinia tayari ana UPS inayolia pii pii pii hata stima ikiwepo, usinunue nyingine. Mbuyie betri yake tu. Nyingi za saizi hiyo hutumia ya volti 12, ampea-saa 7, lakini fungua kifuniko usome kwanza. Ukimletea betri peke yake atakuangalia mara mbili. Atajua umeingia kwenye dini.

Hata tokeni za stima ni zawadi, usione haya. Unamtumia za jiroo usiku wa mkesha, zinaingia, mita inanyamaza. Mapenzi hayo.

Sasa niseme yangu.

Miaka mitatu nyuma niliingia mjini natafuta zawadi ya huyo huyo Injinia. Jamaa mmoja wa meza ya barabarani akanionyesha flashi. Ya chuma, inang'aa, imeandikwa 2TB. Bei thao moja na soo mbili. Nikabargain mpaka thao, nikajiona mjanja wa Kisauni nzima. Nikaifunga kwa karatasi ya maua. Nikampa mbele ya watu, nikatoa na speech.

Injinia akaichomeka. Mashine ikasema 2TB. Mimi kifua mbele. Yeye akatabasamu kama daktari anayejua majibu, akafungua programu inaitwa H2testw, akasema "tungoje kidogo." Tulingoja mpaka pilau ikaisha. Ile flashi tumboni ilikuwa na gigabaiti 32. Yaani chipu imefundishwa kudanganya: mdomoni terabaiti, ndani hakuna kitu. Ukiijaza inapokea tu, inaandika juu ya faili za zamani, majina yanabaki kwenye skrini lakini ukifungua ni makaburi. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Terabaiti. Konda ananiita Terabaiti. Mama wa viazi karai, huyu hapa, muulize jina langu halisi kama analijua.

Kwa hivyo ukitaka flashi au diski ya nje, nunua ndogo ya ukweli kwenye duka lenye risiti, kisha ipime. Kwa Windows ni hiyo H2testw, kwa Linux kuna F3, zote za bure. Pawabanki nazo zina uongo wao, ila huo ni wa kisomi kidogo. Ile 20,000 iliyoandikwa ni hesabu ya ndani, kwa volti 3.7. Ikitoka kwa volti 5 ya USB, hata pawabanki ya ukweli inakupa chini ya 15,000. Hiyo haijakuibia. Ya kuogopa ni ile imeandikwa 100,000 na inaingia mfukoni.

Kwa mashine yenyewe, zawadi inayobadilisha maisha ni SSD, kama Injinia bado ana lapi ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Lapi iliyokuwa ikiwaka taratibu mpaka unaenda kuteka maji ukirudi bado inafikiria, inaanza kuwaka kabla hujakaa. Lakini hapa usiruke kama mimi. Kuna ya umbo la kadi ya karata, ya SATA, na kuna ile nyembamba kama bazoka, ya M.2. Haziingiliani. RAM ni hivyo hivyo: ya DDR3 haiingii kwa DDR4, hata usukume kwa bismillahi. Na RAM tangu mwisho wa 2025 imepanda bei dunia nzima, viwanda vya chipu vinalisha kwanza seva kubwa za AI. Ukimpa msee RAM msimu huu ni kama umempa dhahabu ya mahari.

Utajuaje ya kwake ni gani? Usimuulize, utaharibu saprizi. Mwambie una binamu Kilifi anataka mashine kama yake. Halafu kaa chini, agiza kahawa tungu. Injinia atazungumza masaa mawili bila koma: prosesa gani, RAM gani, nafasi ngapi zimebaki, kitu gani kinamuuma. Wewe rekodi kwa simu. Hawa watu hawawezi kunyamaza wakiulizwa habari za mashine zao. Ni kama kumuuliza babu habari za Mombasa ya zamani, tofauti ni kwamba Injinia anaongea ukweli.

Na usimbuyie lapi nzima bila kusoma namba. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zile lapi za ex-UK za bei ya kutabasamu, nyingi ni za kizazi cha 6 na 7. Angalia namba inayofuata i5: ikianza na 6 au 7, mlango umefungwa. Injinia mwenyewe hana stress, ataweka Linux Mint na kuendelea. Lakini tangu hiyo Oktoba foleni mlangoni kwake ni ya watu wa mtaa na lapi zao, na kila mmoja anakuja na flashi yenye virusi. Flashi nzuri ya 64GB, ya kuwekea hizo Linux zake, ni zawadi inayotumika kila siku.

Intaneti je? Hii inauma kidogo. Mwaka 2009 kebo mbili za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa. Kabla yake nchi ilikuwa inaomba intaneti kwa setilaiti. Leo Nairobi wakifungua TikTok, imepita kwetu kwanza, kama kontena. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini, nchi nzima ikahisi kwikwi. Sasa nieleze vipi kebo inavuka bahari nzima, halafu ikifika Magogoni inashindwa kupita ukuta wa mawe wa chumba cha Injinia? Ruta iko sebuleni kwa sababu mathe anasema ile taa inapendeza karibu na TV. Na ndiyo, umebashiri. Imevalishwa kitambaa.

Dawa ni waya. Cat6, mita kumi na tano, kutoka sebuleni mpaka mezani kwake, ukiwa na zile pini za kupigilia ukutani usije ukamkwaa bibi. Gemu inaacha kukwama. Hakuna atakayepostia picha ya waya, lakini siku atakapopiga eFootball bila kuganda golini, atakuombea dua.

Kibodi za kubofya nazo, zile za swichi, ziko fiti. Lakini jua rangi. Swichi ya bluu inalia tak tak tak, na vyumba vyetu vya kupanga ukuta ni mmoja. Jirani anayefanya kazi ya usiku bandarini atakuja na panga. Chukua nyekundu, ya kimya zaidi. Kahawia kwa msee asiyejua anataka nini.

Na kama changa yenu imenona, kuna Raspberry Pi. Kompyuta nzima ya saizi ya kitambulisho, Waingereza waliitoa 2012, na sasa iko ya tano. Injinia akiipata utakuwa humuoni wiki mbili, halafu utasikia mtaa mzima unaangalia muvi kutoka chumbani kwake. Ya tano inachemka, kwa hivyo nunua na kifeni chake.

Kama Injinia wako ni wa Idd, mpe Decemba hiyo hiyo, hakuna askari wa zawadi. Usifulize tu. Fuliza ya Decemba inalipwa na tumbo la Januari, na Januari hapa hata papa wa kupaka anakuwa wa picha.

Wazee watakuambia mpe shati. Shati la mikono mirefu, "aonekane mtu." Ami ameshauri saa ya ukutani. Babu ameshauri mke. Wasikilize kwa heshima, sema "shikamoo," pita.

Au fanya hivi, kama mfuko umetoboka kabisa. Mlipe. Ile simu alikutengenezea Machi, ile fomu ya HELB alikujazia usiku wa deadline, ile lapi ya dadako. Piga hesabu ya jumla hata nusu bei, umtumie kwa M-Pesa bila maneno mengi. Sijaona Injinia akilia, lakini nasikia huwa inatokea.

Na ukienda kumpelekea, ngoja mathe aingie jikoni kukuletea chai. Hapo una kama dakika tatu. Toa kile kitambaa juu ya kompyuta, kikunje vizuri, kiweke juu ya friji. Akiuliza nani ametoa, sema ni Terabaiti. Mimi jina langu lishaharibika.